Gari la namba za nje linauzwa bei chee: soma hapa kabla hujatuma advansi

Leo sio somo la kupiga picha bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo tunaongea gari.

Najua wengi wetu tunauza kwa statasi na makundi ya WhatsApp. Mzigo tunautuma kwa bodaboda au tunampa kondakta wa basi. Kila mtu hapa ana ndoto ya siku moja kuwa na chombo chake mwenyewe. Na sisi wa Kasulu na Kibondo ndoto hiyo inakuja na mtego wake, maana tumekaa jirani na mpaka. Ukitoka Kasulu ukishika barabara ya Manyovu unaikuta Burundi. Ukitoka Kibondo ukaenda Mabamba, unaikuta Burundi tena. Magari ya namba za nje tunayaona kila siku mpaka tumeyazoea. Na kitu ukishakizoea, huwezi kukiogopa.

Mimi nilipigwa laki nane kwa kukosa maarifa haya. Naandika ili wewe usipigwe.

ILIVYONITOKEA

Nina fremu Kasulu, nauza vitenge na nguo za kina mama, nusu dukani nusu mtandaoni. Siku za mnada nafungasha mzigo nakwenda. Shida ya mnada ni usiku. Ukilala gesti, unalipia wewe na bado unawaza mzigo. Ukiulalia mzigo nje, unaumwa.

Sasa siku moja kwenye kundi moja la mauzo ikarushwa picha ya gari la kulala ndani. Yaani gari kama Hiace, lakini ndani kuna kitanda, kabati, sinki dogo la maji, jiko la gesi la plate mbili na pazia madirishani. Yale magari wanayotembelea wazungu wanaozunguka Afrika, unayaona yanapita na matenki ya maji juu. Bei milioni sita na nusu. Maelezo: "Mwenyewe ni msafiri, amemaliza safari, anataka kurudi kwao kwa ndege. Gari lipo Kibondo. Atakayewahi."

Akili yangu ikaenda mbio. Nikaona mchana nafungua mlango wa pembeni, natundika vitenge, nauza. Usiku navuta pazia, nalala na mzigo wangu. Milioni sita na nusu! Noah iliyochoka tu inaweza kufika hapo.

Nikamcheki dalali. Akasema wapo watu watatu wanalitaka, nitume laki nane ya kushikilia. Laki tatu zilikuwa zangu. Laki tano nilikopa kikoba. Nikatuma kwa simu, jioni ile ile.

Kesho yake tukaenda Kibondo na kaka yangu. Gari lipo kweli, sio picha ya kuiba. Linawaka, kitanda kizuri, kila kitu. Nikauliza karatasi. Dalali akatoa bahasha. Kulikuwa na kadi ya njano, na karatasi moja ya kuingilia nchini ambayo tarehe yake ilikuwa imeshapita. Kaka akauliza, "Kadi ya gari ya Tanzania iko wapi?" Dalali akacheka. "Hiyo ni kazi ndogo kaka, mtabadilisha namba tu, kuna kijana wangu anafanya."

Hapo kaka ndipo alipogoma. Tukaondoka tukamtafuta wakala wa forodha anayefahamika, tukamweleza. Yule baba alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hilo gari halijaingia nchini. Limepita tu. Hamwezi kununua kitu ambacho kwa sheria hakijafika."

Laki nane mpaka leo sijarudishiwa hata mia. Dalali alinibloku. Kikoba nililipa na riba yake, miezi minne, kwa kuuza vitenge bila kula faida. Lakini sentensi ya yule baba ndiyo iliyonifungua macho. Tuifafanue.

GARI NI MZIGO KAMA MZIGO MWINGINE

Watu wengi tunafikiri kwa sababu gari linatembea lenyewe, likishavuka mpaka limeshaingia. Hapana. Kwa forodha, gari ni mzigo kama marobota ya mitumba. Kuna mzigo uliolipiwa ushuru ukaingia sokoni, na kuna mzigo uliopewa ruhusa ya kupita au kukaa kwa muda. Magari yote mawili yanaweza kupaki mbele ya duka lako, yanafanana kabisa. Tofauti iko kwenye karatasi.

Hapo hapo kuna uongo ambao madalali wanaupenda: "Sisi na Burundi ni Jumuiya moja, hakuna ushuru." Nusu ya maneno hayo ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoua watu.

Ni kweli Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, na Burundi na Rwanda walijiunga na Jumuiya 2007. Kongo nayo imeingia 2022. Lakini msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni kwa bidhaa ZILIZOTENGENEZWA au kuzalishwa ndani ya Jumuiya, zenye cheti cha uasilia. Ndiyo maana wewe mwenye maharage au sabuni ya mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kujaziwa kile cheti rahisi cha uasilia pale mpakani ukapita bila ushuru wa forodha. Gari lililotengenezwa Japani haligeuki kuwa la Burundi kwa sababu limetembea Bujumbura miaka sita. Linabaki la Japani, na likija kukaa Tanzania linadaiwa.

AINA NNE ZA GARI LA BEI CHEE HUKU KWETU

Ukisikia bei imeshuka ajabu, mara nyingi gari ni moja ya haya.

1. Gari la IT. Haya tunayajua wote, magari yaliyoshuka bandari ya Dar es Salaam yakielekea Burundi, Rwanda au Kongo. Yanapita kwenye nchi yetu tu. Ushuru wa Tanzania haujalipwa. Kilichowekwa ni dhamana ya wakala, na dhamana hiyo inafutwa pale gari likithibitishwa limetoka nchini. Dereva au dalali akikwambia "hili limeshindikana huko, tunaliacha hapa hapa", jua kuna wakala Dar ambaye dhamana yake iko hatarini, na gari hilo linatafutwa.

2. Gari la jirani lenye namba za nje. Mtu wa ng'ambo amekuja nalo kwa kibali cha muda. Ana haki ya kulitumia kwa siku alizoandikiwa. Hana haki ya kukuuzia kama vile anauza baiskeli.

3. Gari la msafiri, kama lile langu. Wasafiri wa mbali wengi wanatembea na kitabu kinaitwa carnet. Ni kitabu cha dhamana. Kila nchi anayoingia, forodha wanagonga muhuri wa kuingia, na akitoka wanagonga wa kutoka. Muhuri wa kutoka ukikosekana, nchi inaweza kudai ushuru wake kwa chama kilichompa kitabu, na chama kinamrudia yeye. Asiye na carnet anapewa kibali cha muda pale mpakani. Vyovyote vile, gari lake ni mgeni kama yeye.

4. Gari la mradi. Hili ni la kwetu hasa. Toka kambi zilipokuja, Nyarugusu kule Kasulu tangu 1996 na Nduta kule Kibondo, mashirika yamekuwa na magari mengi, na mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Siku yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kama mimi na wewe, kodi inaamka. Hapa tofauti ni kwamba mnada wa namna hii unaweza kuwa halali kabisa. Swali lako ni moja tu: "Kodi analipa nani, muuzaji au mnunuzi?" Lisome kwenye tangazo la mnada kabla hujanyoosha mkono. Kuna watu wanashangilia Land Cruiser ya bei rahisi, kumbe wamenunua na deni.

Neno kuhusu ile kadi ya njano. Dalali alinionyesha kama ndiyo ushahidi kwamba gari "limelipiwa". Kadi ya Njano ni bima ya kuvuka mipaka, ya mpango wa COMESA. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye bima hii bado tumo. Inalipa mtu wa tatu akigongwa. Haina uhusiano wowote na ushuru. Nilivyokuwa sijui, niliona karatasi ina mihuri nikatulia.

"SIKUJUA" HAIKUSAIDII

Unaweza kusema, kosa ni la muuzaji, mimi mnunuzi nina kosa gani?

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 200, haimgusi mvushaji peke yake. Inamgusa na anayepata, anayekaa nalo au anayelificha gari au mzigo ambao haukulipiwa, kama alijua AU ALIPASWA KUJUA. Hayo maneno mawili ya mwisho yanatuhusu sisi. Ukinunua gari la namba za nje bila karatasi ya ushuru kwa theluthi ya bei ya soko, nani atakuamini kwamba hukupaswa kujua? Adhabu yake inafika kifungo hadi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Na gari lenyewe linaweza kutaifishwa.

Fikiria sasa: laki nane zimeniuma hivi, je ningemalizia ile milioni sita na nusu, nikapakia vitenge vyote, halafu nikasimamishwa njiani? Mtaji wote ungelala kwenye yadi.

Na "kijana wa kubadilisha namba" ndiyo hatari kubwa kuliko yote. Ukishafunga namba za kughushi, umeacha kuwa mtu aliyedanganywa. Umekuwa mwenzao.

HESABU: KWA NINI LILIUZWA BEI CHEE

Hapa ndipo nilipochukua daftari. Tuchukulie gari la kulala ndani ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri wa meli mpaka Dar (mawakala wanaita CIF) ni shilingi 10,000,000. Ni mfano, lakini asilimia ndizo ninazozijua. Injini zaidi ya cc 2,000, umri zaidi ya miaka 10.

- Ushuru wa forodha 25% ya milioni 10 = 2,500,000. Sasa tuko 12,500,000.
- Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 2,000 ni 10% ya 12,500,000 = 1,250,000.
- Ushuru wa uchakavu kwa gari la zaidi ya miaka 10 ni 30% ya 12,500,000 = 3,750,000.
- Tukijumlisha tuko 17,500,000. VAT 18% ya hiyo = 3,150,000.

Jumla ya kodi: 2,500,000 + 1,250,000 + 3,750,000 + 3,150,000 = 10,650,000.

Umeona? Kodi imeizidi bei ya gari. Na hapo sijaweka tozo ya reli na ada ya forodha, ambazo ni asilimia ndogo lakini zipo, wala sijaweka gharama za bandari, wakala na usajili.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Gari lile lile, thamani ile ile, lakini lina chini ya miaka 8. Ushuru wa uchakavu unakuwa sifuri. Hesabu inakuwa 2,500,000 + 1,250,000, tunafika 13,750,000, VAT yake ni 2,475,000. Jumla ya kodi 6,225,000. Umeokoa 4,425,000 kwa umri peke yake.

Likiwa na miaka 8 mpaka 10, uchakavu ni 15%. Na injini ikiwa ya cc 1,001 mpaka 2,000, ushuru wa bidhaa ni 5% badala ya 10. Isiyozidi cc 1,000 haina huo ushuru wa injini kabisa.

Mambo matatu ya kushika hapa:

Moja, TRA hawakadirii kwa bei mliyokubaliana kwenye WhatsApp. Wana thamani zao za magari yaliyotumika. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo: unaweka aina ya gari, modeli, mwaka, nchi lilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa makadirio ya kodi. Ni bure. Viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo mfano wangu utumie kuelewa njia, na namba ya siku hiyo uitoe kwenye kikokotoo.

Mbili, umri unahesabiwa kuanzia mwaka gari LILIPOTENGENEZWA. Kwenye matangazo ya Japani utaona mwaka wa usajili na mwaka wa kutengenezwa, na unaweza kupishana. Mwaka mmoja unaweza kukutoa kwenye chini ya miaka 8 ukaingia kwenye uchakavu.

Tatu, gari lenye kitanda na jiko halihesabiwi kama gari la mizigo. Kwenye orodha ya forodha gari la kulala ndani linalojiendesha liko kundi moja na magari madogo ya abiria, namba 87.03. Lile la kuvutwa nyuma ya gari lingine, ambalo halina injini, liko na matrela, namba 87.16. Wakala akikwambia "tutaliandika pikapu lipungue", anakuandalia kesi.

Basi rudi kwenye gari langu la milioni sita na nusu. Halikuwa rahisi. Lilikuwa na deni la mamilioni ambalo halikuandikwa kwenye tangazo.

UKITAKA KUFANYA HALALI, NJIA NI HII

Kuagiza gari la kulala ndani kutoka nje hakujakatazwa. Ukiwa na hela na sababu, fuata hatua.

1. Kuwa na TIN. Bila TIN hakuna gari litakalosajiliwa kwa jina lako.

2. Piga hesabu kabla ya kupenda. Tumia kikokotoo, ongeza bandari, wakala, usajili, na mafuta ya kulileta kutoka Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,000 mpaka huku kwetu. Jumla ikikutisha, bora ikutishe ukiwa bado na hela mfukoni.

3. Lipa kampuni, usilipe mtu. Kama unaagiza Japani, malipo yanakwenda benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye ankara. Muuzaji wa Japani anayetaka hela kwa namba ya simu ya hapa nchini, hayuko Japani.

4. Subiri karatasi. Ankara, hati ya shehena ya meli ambayo mawakala wanaiita BL, na cheti cha kufutwa usajili kule lilikotoka. Chesesi namba iliyo kwenye karatasi zote ifanane, herufi kwa herufi.

5. Tumia wakala wa forodha mwenye leseni. TRA wana orodha yao. Kishoka atakwambia ni rahisi kwake. Ni kweli, maana hawajibiki popote. Na kodi ya serikali inalipwa kwa kontro namba. Omba kontro namba, lipa mwenyewe, tunza risiti. Usimtumie wakala hela ya kodi kwenye simu yake.

6. Gari liwe limekaguliwa ubora kwa utaratibu wa TBS, kisha lisajiliwe upate kadi na namba za T. Siku zinahesabiwa bandarini, kwa hiyo hela ya kodi iwe tayari kabla meli haijafika.

Na kama gari tayari lipo hapa, la msafiri au la jirani? Inawezekana, lakini mpangilio ni huu: wewe na mwenye gari mnakwenda forodha PAMOJA, kibali chake kikiwa bado hai. Gari linathaminiwa, kodi inalipwa, mnapewa karatasi ya kulitoa kwenye hali ya muda, ndipo usajili. Hela ya mwenye gari inatoka baada ya hapo au kwa mkataba mbele ya mwanasheria. Kama muuzaji ni mkweli atafurahi, maana naye anataka carnet yake ifungwe vizuri asidaiwe kwao. Muuzaji anayekimbia ukitaja ofisi ya forodha, ameshakujibu.

KAMA NI GARI LENYE NAMBA ZA T TAYARI

Hata hapa usilale. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Chesesi na namba ya injini zifanane na kadi, ukiziangalia kwa macho yako kwenye chuma. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari. Hakikisha TRA kwamba halina msamaha wa kodi unaoning'inia. Andikiana mkataba wa mauziano, kisha hamisha umiliki haraka. Gari lililobaki na jina la mtu mwingine ni lako siku ya kulipa tu. Siku ya matatizo ni la kwake.

SASA MIMI NILIFANYAJE?

Baada ya kumaliza deni la kikoba, nilikaa na kaka tukajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza: je, nahitaji gari la kulala ndani, au nahitaji mahali pa kulala na mzigo?

Jibu lilikuwa la pili. Sinki na jiko la gesi vilinipendeza tu. Mteja wa mnada hanunui kitenge kwa sababu gari langu lina pazia.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza tulikodi toyo ya jirani siku za mnada, na usiku mzigo tunaulaza kwenye stoo ya mama mmoja pale pale sokoni, tunamlipa kidogo. Baadaye tumenunua kwa kuchanga Townace ya zamani yenye namba za T na kadi safi. Viti vya nyuma vinakunjwa, tumeweka ubao na godoro, chini ya ubao ni marobota. Imekuja kwa hela nyingi kuliko ile milioni sita na nusu, na imechoka kidogo. Lakini nikisimamishwa barabarani natoa kadi na leseni, naulizwa habari ya biashara, naondoka.

Na kama wewe utataka kuibadilisha kabisa, kuondoa viti moja kwa moja au kuweka mwili mwingine, kumbuka kadi nayo lazima ibadilishwe ifanane na gari lilivyo.

MASWALI MATANO, YAPIGE PICHA UKAE NAYO

Kabla ya kutuma hata elfu kumi ya kushikilia gari:

1. Kadi ya Tanzania iko wapi, na ina jina la nani?
2. Kama namba ni za nje au za IT, karatasi ya ushuru uliolipwa Tanzania iko wapi?
3. Kibali cha muda kinaisha lini?
4. Uko tayari twende wote forodha kesho asubuhi?
5. Nikiweka gari hili kwenye kikokotoo cha TRA, jumla yake na bei yako inafika ngapi?

Akishindwa hata moja, rudisha simu mfukoni. Akikwambia "wapo watatu wanalitaka", mwambie awape hao watatu. Mimi nilikuwa mmoja wa watatu.

Kuna mtu kwenye kundi lako la kikoba anayeangalia tangazo kama hili wiki hii. Mtumie hii kabla hajakopa.